Familia zinajua, ila hakuna anayesema

MNAMO Januari 18, 2014, siku aliyotimiza umri wa miaka 43, mwandishi Binyavanga Wainaina alichapisha makala mafupi kwenye mtandao. Aliyaandika kana kwamba yuko kando ya kitanda cha mamake hospitalini, akimwambia jambo ambalo hakuwahi kulitamka mbele yake maisha yote: kwamba yeye ni shoga.

Mama huyo hakulisikia. Alikuwa amefariki mwaka 2000, wakati mwanawe yuko Afrika Kusini. Babake naye alifariki mwaka 2011. Kwa hivyo Wakenya wote walipokuwa wakisoma habari hizo ofisini na ndani ya matatu, wazazi wawili waliokuwa na haki ya kuambiwa kwanza walikuwa kaburini.

Binyavanga hakuwa mtu wa kubahatisha maneno. Alizaliwa Nakuru mwaka 1971, akashinda tuzo ya Caine ya hadithi fupi mwaka 2002, kisha akawa miongoni mwa walioanzisha jarida la Kwani? ambalo waandishi wengi chipukizi wa Nairobi walilitegemea. Mwaka 2011 alitoa kitabu kizima kuhusu maisha yake, akaeleza utoto, shule, mama, baba na mitaa ya Nakuru. Jambo hili moja akaliruka. Makala ya 2014 aliyaita sura iliyopotea ya kitabu hicho, na ndani yake akasema kwamba alijijua tangu akiwa mtoto wa miaka mitano.

Tuhesabu basi. Kutoka miaka mitano hadi 43 ni miaka 38. Ikiwa mtu aliyefanya maneno kuwa kazi yake alihitaji miaka 38 kupata maneno ya kumwambia mamake, je, karani wa duka la jumla pale River Road, au mwanafunzi wa chuo anayelipiwa karo na mjomba, atahitaji mingapi?

Mjadala wa ushoga nchini tumezoea kuusikia kutoka bungeni, kortini, mimbarini na redioni. Huko sauti ziko juu. Nyumbani, ambako jambo lenyewe linaishi, kumenyamaza. Na kimya hicho si cha kutojua. Familia nyingi zinajua. Mama amejua tangu kijana akiwa darasa la sita. Dada amejua. Shangazi ndiye aliyejua kabla ya wote, ila yeye hujifanya kwamba macho yake hayaoni mbali.

Mkataba usioandikwa ni huu: usiseme, nasi hatutauliza. Kijana ataendelea kutuma pesa za mbolea, atachangia harusi za binamu zake, atanunua ng'ombe wa kuchinjwa Krismasi, na hakuna atakayemgusa. Lakini afikapo miaka 30 mkataba huanza kupasuka. "Utatuletea nani?" huulizwa kwa kicheko kwanza, mezani, chapati zikipitishwa. Mwaka unaofuata kicheko kimepungua. Wa tatu, kuna msichana wa kanisani ambaye nambari yake ya simu imeandikwa kwenye karatasi na kuachwa juu ya friji.

Wapo wanaosalimu amri wakaoa au wakaolewa. Harusi inafana, picha zinapigwa Uhuru Gardens, na mtu wa tatu anaingizwa katika kimya ambacho hakukiombea. Msichana yule wa kanisani naye ni mtoto wa mtu. Atakaa miaka akijiuliza ana kasoro gani, kwa nini mumewe ni mpole kama kaka na mbali kama mgeni. Wanaosema kwamba ndoa "humtibu" kijana wa namna hii wangefaa kwanza kumuuliza mke.

NENO LENYEWE

Hata lugha yetu inaonyesha namna jambo hili limekuwa likikaa karibu nasi. Huko Mombasa, Lamu na Unguja, mwanamke humwita rafikiye wa kike "shoga yangu", na hakuna anayeshtuka. Ni neno la mapenzi ya kirafiki, la kupeana siri na kuazimana kanga. Neno hilo hilo likavuka likamwangukia mwanamume anayependa wanaume, na bara ndiyo maana pekee iliyojulikana. Ndiyo sababu mgeni kutoka Nairobi akisikia akina mama wawili wakiitana hivyo sokoni Kongowea hugeuka kutazama.

Hanithi ni neno jingine. Wengine humwita hivyo mwanamume asiye na nguvu za kiume, wengine humwita hivyo shoga, kana kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Halafu yuko huntha, yule aliyezaliwa na maumbile ambayo mkunga hawezi kuyaita ya kike wala ya kiume. Huyu si shoga hata kidogo, ila mtaani hutiwa kapu moja na wengine. Sensa ya 2019 ndiyo iliyomhesabu huntha kwa mara ya kwanza nchini, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikamtaja mtoto wa aina hiyo waziwazi. Kuna pia aliyelelewa kama mvulana hali yeye mwenyewe anajijua kuwa mwanamke, au kinyume chake. Watu wanne tofauti, na matusi ni yale yale.

Mtoto mwenyewe huanza kuyasikia maneno haya kabla hajajua maana yake. Huyasikia uwanjani, kwa mwalimu wa gwaride, na kwa babake akitazama mpira. Kufikia siku ambayo ataelewa kwamba anayesemwa ni yeye, tayari amejua nyumba yake inasema nini kumhusu. Nani basi atafungua mdomo?

Wengi husema huu si utamaduni wetu, umeletwa na wazungu. Mwaka 1987 mtafiti Mwingereza, Gill Shepherd, alichapisha utafiti kuhusu wanaume na wanawake wa Mombasa waliokuwa na wapenzi wa jinsia yao, akaeleza jinsi mji ulivyowajua na kuwapa nafasi zao. Hawakuwa wamejifunza kwa mtalii. Kwa upande mwingine, wapo watetezi wanaopenda kutaja ndoa za mwanamke kwa mwanamke miongoni mwa Wanandi, Wakamba na Wakikuyu kama ushahidi kwamba babu zetu walikubali mapenzi haya. Hapo nao wanavuta kamba kupita kiasi. Ndoa ile ilikuwa ya kutafuta mrithi wa boma, mwanamke asiye na mtoto wa kiume akimwoa mwingine ili azae kwa jina la nyumba. Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua mwaka 2011 katika kesi ya urithi ya familia ya Kinandi. Haikuwa habari ya mapenzi ya kitandani. Inachoonyesha ni kwamba wazee wetu walijua kuipanua familia pale ambapo haja ilikuwapo.

Kilicholetwa kwa meli bila shaka ni sheria. Vifungu vya 162, 163 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ni urithi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, nayo iliwahi kuandika kifungu kama hicho kwa ajili ya India mwaka 1860. Kifungu cha 162 kinataja kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo linaloitwa kinyume cha maumbile, na cha 165 miaka mitano kwa wanaume. Waingereza wenyewe walianza kuifuta yao mwaka 1967.

Isitoshe, watu wengi hudhani kwamba sheria inakataza mtu kuwa shoga. Haikatazi. Inakataza tendo. Lakini katika ploti, mwenye nyumba hasomi vifungu. Wanaume wawili wanaishi chumba kimoja mwaka wa tatu sasa, hawaonekani na wasichana, mmoja anapika vizuri mno. Hiyo inatosha. Fununu huanzia kwa wanaosubiri maji kwenye mtungi, inapanda ghorofani, na kufikia mwisho wa mwezi wapangaji hao wameambiwa kwamba nyumba inapakwa rangi. Hawadai amana yao. Wataidai kwa nani, na wataeleza nini wakifika kituo cha polisi?

Jinsi fununu inavyoweza kuvimba ilionekana Mtwapa mwezi Februari 2010. Mji ulivumishiwa kwamba wanaume wawili walikuwa wakifunga harusi. Hakukuwa na harusi. Hata hivyo, umati ulikusanyika na kuelekea kituo cha afya cha taasisi ya utafiti ya KEMRI, ambako watu walikuwa wakipimwa virusi vya Ukimwi na kupewa ushauri. Watu walipigwa, na polisi wakawatia baadhi yao mbaroni ili kuwaokoa na umati wenyewe.

Fikiria hasara yake. Kituo kile kilikuwa cha ugonjwa ambao hauulizi mtu analala na nani. Mwanamume anayeogopa kuonekana akiingia kwenye zahanati hataingia, na kama ana mke, gharama ya uoga wake itafika mpaka jikoni. Hilo wizara ya afya imelielewa kwa miaka mingi. Mipango ya kitaifa ya kupambana na Ukimwi huwataja wanaume hawa kama kundi la kufikiwa. Serikali moja, mkono mmoja unatoa dawa, mwingine umeshika pingu.

Miaka mitano baada ya Mtwapa, mwaka 2015, wanaume wawili walikamatwa upande wa Kwale, wakapelekwa hospitalini na kupimwa kwa nguvu sehemu za siri eti ushahidi upatikane. Mahakama Kuu iliona ni sawa. Ni mwezi Machi 2018 ambapo Mahakama ya Rufaa mjini Mombasa ilisema kwamba vipimo hivyo vilivunja haki zao. Sitaki kuyaeleza zaidi kwa kuwa gazeti hili linasomwa mezani, lakini mzazi ajiulize kama angetaka mwanawe, kwa kosa lolote lile, afanyiwe hivyo na daktari aliyeapa kutibu.

MABWENINI

Kwa wanafunzi, hofu ina ratiba yake ya muhula. Mwishoni mwa mwaka 2021 waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alisema kwamba wanafunzi wa aina hii wasikae katika shule za bweni bali waende za kutwa karibu na kwao. Mwezi Januari 2023 aliyemfuata, Ezekiel Machogu, alitangaza kamati ya makasisi chini ya Askofu Mkuu Jackson ole Sapit ili kulishughulikia jambo hilo shuleni.

Nia ya walimu wakuu yaweza kueleweka. Bweni lina watoto mia na godoro zao, na mtoto anayemsumbua mwenzake usiku lazima azuiwe, awe anapenda nani. Lakini kumzuia mkosaji ni jambo moja na kumsaka mwenye hisia ni jingine. Katika shule za wasichana hasa, barua moja iliyoandikwa kwa wino wa rangi inaweza kutosha msichana kurudishwa nyumbani na sanduku lake. Kwenye barua ya mwalimu pameandikwa "utovu wa nidhamu". Baba anauliza utovu gani. Msichana anatazama sakafu. Mwaka wa mtihani umekwenda.

Na cheti, sote tunajua, ndicho maisha. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 kwa jina la kiume alilopewa utotoni. Baadaye akaishi kama mwanamke, jina likabadilika, sura ikabadilika, ila cheti kikabaki kilivyokuwa. Hebu jaribu kwenda kutafuta kazi na cheti cha mtu ambaye afisa wa kuajiri haamini kwamba ni wewe. Alilipeleka baraza la mitihani kortini, na mwezi Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru apewe cheti chenye jina lake na kisichotaja jinsia. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu afanye mtihani.

Vijana hawa wanatafuta kujiona mahali. Mwaka 2018 mwelekezaji Wanuri Kahiu alitengeneza filamu ya Rafiki, inayohusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana huku baba zao wakishindana kisiasa. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Hapa nyumbani ilipigwa marufuku. Mwezi Septemba mwaka huo mahakama ilisimamisha marufuku kwa siku saba, na watu wakapiga foleni katikati ya jiji. Yasemekana mzazi hapaswi kuogopa filamu; mimi naona wengi waliogopa hasa jinsi nyumba iliyomo ilivyofanana na yao.

(Bodi hiyo hiyo ya filamu ndiyo ambayo mkuu wake, mwaka 2017, alipoona picha ya simba wawili dume wa Maasai Mara wamepandana, alisema wanyama hao wahitaji ushauri nasaha. Simba hawakujibu.)

Mnamo Mei 21, 2019, Binyavanga Wainaina alifariki jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 48. Siku tatu baadaye, Mei 24, majaji watatu wa Mahakama Kuu walitoa uamuzi kuhusu ombi la kufuta vifungu vile vya kikoloni. Walikataa. Walisema vifungu haviwabagui mashoga kwa kuwa vinamhusu kila mtu, na kwamba kuvifuta kungefungua mlango dhidi ya Katiba, ambayo kifungu chake cha 45 kinataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Nje ya mahakama wengine waliimba nyimbo za shukrani na wengine wakalia.

Kisha, Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu ilisema jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mwanasheria Eric Gitari alikuwa tangu 2013 akitaka kusajili shirika la kutetea haki za watu hawa, na bodi ya mashirika ikakataa hata majina. Kwa kura tatu dhidi ya mbili, majaji walisema kwamba kumnyima mtu haki ya kujiunga na wenzake kwa sababu ya anayempenda ni ubaguzi. Hawakugusa vifungu vya jinai wala ndoa. Ila makelele yaliyofuata, makanisani, misikitini na bungeni, yangemfanya mtu adhani kwamba harusi zimeanza kesho yake asubuhi.

Mwezi uliotangulia uamuzi huo, mwili wa Edwin Chiloba, kijana mwanamitindo aliyejulikana pia kwa kuzitetea haki za mashoga, ulipatikana ndani ya sanduku la bati karibu na Eldoret. Mtu waliyeishi pamoja alipatikana na hatia ya mauaji mwezi Desemba 2024, akahukumiwa kifungo cha miaka 50. Kilichowaumiza wengi wakati ule si mauaji peke yake. Ni zile kauli za watu waliosoma habari za maiti ya mtoto wa mwenzao wakacheka.

Je, nchi inabadilika? Shirika la utafiti la Pew la Marekani liliwauliza Wakenya mwaka 2013, na watu 90 kati ya 100 wakasema jamii isiukubali ushoga. Mwaka 2019 waliosema ukubaliwe walikuwa 14 kati ya 100. Si wengi. Lakini swali lenyewe linaulizwa kuhusu "jamii", watu wasio na sura. Muulize mzazi kuhusu kifungua mimba wake, aliyembeba mgongoni, uone kama jibu litatoka upesi hivyo.

Dini zetu zimesema msimamo wao, na mwenye imani hawezi kuombwa auache mlangoni. Ila sijapata kusoma katika Biblia wala Kurani mahali ambapo mzazi ameamriwa kubadilisha kufuli mtoto akiwa nje. Hilo hufanywa kwa sababu ya majirani. Wapo wazazi ambao hawajakubali na pengine hawatakubali hadi kufa, lakini sahani ya huyo mtoto bado inawekwa mezani, na mtu akimtukana mbele yao wananyanyuka.

Kimya kikidumu, mwisho wake huonekana msibani. Kurasa za matangazo ya vifo huwa na mpangilio wake: mwana wa, ndugu wa, mume wa, baba wa, shemeji wa. Mtu aliyeishi na marehemu miaka 12, aliyejua dawa zake na saa ya kumeza, hana mahali katika orodha hiyo. Hospitalini aliulizwa yeye ni nani wa mgonjwa, akasema binamu. Kamati ya mazishi ilimpa kazi ya kununua mchele, maana ana gari. Kijijini atasimama nyuma ya hema pamoja na majirani, na mfawidhi atakapoita "marafiki kutoka Nairobi" waje watupe udongo, atapanga foleni na wafanyakazi wa ofisi. Mama wa marehemu atamtazama anavyopita. Akirudi jijini atakuta ndugu wawili wa marehemu mlangoni na lori dogo, wamekuja kuchukua kochi, runinga na friji ya mtu wao.